Bwana Chepeo Katoka

Sauti ya kwanza kunishtua ilikuwa ya mtu niliyemjua tangu utotoni, na sikuitambua. Nilikuwa nimeketi katika chumba cha kutazamia filamu za zamani, katikati ya London, visikizio masikioni na penseli mkononi, nikimngoja mwigizaji mmoja wa Kimarekani aingie mlangoni. Aliingia. Mabega yalikuwa yale yale, la kulia limeshuka kidogo kuliko la kushoto. Chepeo ilikuwa ile ile, ukingo wake umeinamishwa juu ya jicho. Kisha akafungua kinywa, ikatoka sauti nyembamba ya kupitia puani, sauti ya karani anayemwomba mteja radhi. Niliruka kitini. Mhudumu wa chumba aliniuliza kama mashine imeharibika. Nilimjibu kwamba mashine ni nzima, nikakaa tena, na moyo ukaendelea kunidunda kana kwamba mtu nisiyemjua amefungua mlango wa nyumba yetu kwa ufunguo wake mwenyewe.

Sina budi kueleza, kwa kuwa jambo hili likiachwa hivi hivi linaonekana kichekesho. Mimi ni mwanafunzi wa uzamivu. Msimamizi wangu alipendekeza niandike juu ya maisha ya kazi ya mwigizaji huyo, tangu vijisehemu alivyopewa ujanani hadi filamu yake ya mwisho, nami, ambaye huchukua siku nzima kuchagua kichwa cha sura, nilikubali papo hapo. Nilidhani namjua. Nilikuwa nimemwona utoto wangu mzima. Lakini kumwona siko kumsikia, na mimi sikuwahi kumsikia hata mara moja. Nyumbani kwetu alisema Kiswahili, Kiswahili cha Unguja mjini, kwa sauti nzito isiyo na haraka. Na sauti hiyo ilikuwa ya bibi yangu.

Tulikaa Wembley, juu ya duka la vyakula, katika vyumba ambavyo harufu ya bizari ya dukani ilipanda ngazi kabla ya mgeni yeyote. Mama alifanya kazi hospitali, Jumamosi ikiwamo, kwa hiyo mimi na dada yangu tulishinda na Bibi, mzazi wa mama. Bibi alifika London na watoto wake miaka michache baada ya Mapinduzi, na hakujifunza Kiingereza zaidi ya kile cha kumtosha kwa mchinjaji na ndani ya basi. Sisi wawili tulizaliwa hapa. Tulimwelewa kila neno, na tulimjibu kwa Kiingereza. Naye alipokea majibu yetu kana kwamba yamesemwa kwa Kiswahili, bila kukunja uso, bila kutusahihisha. Sijui hata leo kama alikuwa anatuelewa au alikuwa anatukisia. Nimelifikiria swali hilo kuliko inavyostahili.

Jumamosi alasiri ilikuwa na utaratibu wake. Bibi alioka mkate wa kumimina katika jiko la gesi ambalo lilimkasirisha kwa sababu moto wake haukuja kutoka juu kama wa makaa. Chai ya tangawizi ilichemka mpaka kioo cha dirisha kikaingia ukungu. Kisha tulikaa chini, mbele ya televisheni, kila mmoja na ungo wake, tukichagua mchele. Nao ulikuwa mchele wa dukani, mweupe, safi, usio na jiwe hata moja. Dada yangu alilisema hilo kila juma. Bibi alimjibu kwamba mikono isiyo na kazi hula mkate wa wengine. Hivyo tuliendelea kuchambua mchele uliokwisha chambuliwa, na mpaka sasa nikisikia punje zikikwaruza kwenye ungo, nahisi filamu iko karibu kuanza.

Ilipoanza, Bibi aliinuka na kuzungusha kitufe cha sauti hadi ikazimika kabisa, mpaka watu wa kwenye kioo wakabaki wanapanua midomo tu. "Wakisema wao na mimi nikasema," alituambia, "nani atasikika?"

Kazi hiyo ya kuwasemea watu wa filamu hakuianzia Wembley. Alipokuwa kijana kule Unguja, wanawake walikuwa na siku yao ya sinema, na Bibi hakuikosa. Lakini mtaani walikuwapo pia wanawake ambao hawakuweza kwenda: mzazi aliyekuwa bado hajatoka arubaini, bibi harusi aliyekuwa anasingwa mwili kwa manukato, mjane aliyekuwa anakaa eda, ule muda wa kukaa ndani, katika nguo nyeupe, baada ya mume kufa. Kwa jumla waliitwa wa ndani. Ilikuwa ada kwamba mtu akitoka sinema apitie kwa wa ndani awahadithie, na baada ya muda wote walimtaka Bibi tu. Aliwatolea sauti wanaume, wanawake, farasi na milango. Inasemekana mjane mmoja alicheka mpaka wakwe zake wakagonga ukuta.

Mwigizaji wangu hakuwa na jina kwetu isipokuwa Bwana Chepeo. Msomaji, laiti ungemsikia. Aliwasha sigara, akamtazama mwanamume aliyemwelekezea bunduki, na kutoka nyuma yangu, juu ya sauti ya mchele, akasema: "Mimi si mtu wa maneno mengi, bwana. Kiweke chini hicho chuma kabla sijaghadhibika." Mwanamke mwenye nywele nyeupe alipomlilia kifuani alimwambia: "Nyamaza, mwana wa watu, wanja utakuingia machoni." Nimeziona tena filamu hizo, sasa na sauti zake. Katika ile ya bunduki alikuwa anauliza treni inaondoka saa ngapi.

Siku za mechi, uwanja ulipojaa, kishindo cha watu kilivuka mapaa ya nyumba na kuingia sebuleni. Mara ya kwanza nilijificha nyuma ya kochi. Bibi hakubabaika hata kidogo. Alikiingiza katika hadithi. "Mnawasikia? Watu wa mji wamemjia." Na kwa kweli pale kwenye kioo Bwana Chepeo aligeuza kichwa, kana kwamba na yeye amesikia.

Hatukuwa peke yetu. Mwenye duka la chini na mkewe walikuwa Wahindi waliofukuzwa Kampala, na mke, ambaye kwetu aliitwa Jirani tu, alipanda kila Jumamosi na bakuli la chevra, vitafunio vya dengu na karanga vyenye pilipili. Kwa kuwa hakula nyama, Bibi alimwekea sufuria yake na kikombe chake, juu ya rafu peke yake, visiguswe na kitu kingine. Kiswahili chake kilikuwa cha dukani, nacho kilimtosha kabisa kugombana na Bibi.

"Mama, hii mutu nakufa sasa."

"Hafi."

"Mimi naona damu!"

"Rangi hiyo. Ungekuwa umefua nguo za damu ungejua."

Ugomvi wao ulitokana na jambo ambalo leo ndilo kiini cha utafiti wangu. Ukweli ulioandikwa ni huu: katika miaka yake ya mwanzo yule bwana alipewa nafasi za majambazi wanaopigwa risasi kabla filamu haijafika katikati, kisha mwigizaji mwingine akakataa kazi, yeye akaichukua, akawa shujaa, kisha akazeeka mbele ya kamera, akawa askari aliyechoka, nahodha aliyechoka, mume aliyechoka. Huo ndio mpangilio. Lakini televisheni haikufuata mpangilio. Juma hili ilituonyesha mzee, juma lijalo kijana, na Bibi, ambaye hakuwa na habari kwamba filamu ina mwaka wake, aliziunganisha zote kuwa maisha ya mtu mmoja. Jambazi aliyeanguka kwenye ngazi hakufa. Alijifanya, na wale walipoondoka aliinuka, akatubu, akahamia mji mwingine. Akawa mpelelezi, kwa kuwa nani awajuaye wezi kumshinda mwizi? Akaoa. Akaingia baharini kwa sababu mke alikuwa na mdomo. Kila alipouawa, Bibi alitikisa kichwa kwa upole, na Jumamosi iliyofuata Bwana Chepeo aliingia mlangoni mzima, naye akatugeukia: "Sikukwambieni?"

"Wiki iliyopita kijana, leo muzee," Jirani alimkamata siku moja. "Namna gani?"

"Na wewe ulipotoka Kampala ulikuwa kijana. Ulipofika hapa ulikuwaje?"

Jirani alicheka mpaka chevra ikamwagika zuliani, kisha akaanza kuokota karanga moja moja. Juma lililofuata mtu wetu alikuwa kijana tena. Jirani alimtazama Bibi tu. "Kapumzika," Bibi akasema.

Kulikuwa na sharti moja. Bwana Chepeo hafi maadamu chepeo iko kichwani. Anaweza kupigwa, kufungwa, kutupwa mtoni; wewe angalia chepeo. Sikuona ajabu yoyote katika sharti hilo, kwa kuwa ukutani kwetu, juu ya televisheni yenyewe, ilining'inia picha ya babu yangu, kijana aliyenyooka, kanzu nyeupe, koti, na kichwani chepeo ya namna ile ile, imeinamishwa upande ule ule. Mama alitueleza mara moja tu, kwa maneno machache. Majuma machache baada ya Mapinduzi, asubuhi, watu wawili walikuja wakasema babu anahitajika kidogo, aulizwe mambo. Alivaa chepeo yake. Akasema atarudi kula.

Bibi hakuwahi kusema zaidi ya neno moja. Mtu akimwuliza mumewe yuko wapi, alijibu, "Katoka," kama mwanamke ambaye mumewe amekwenda kununua mkate. Nakumbuka jamaa mmoja wa Barking, upande wa pili wa London, mtu wa heshima, alipokuja kumwambia kwamba miaka imekuwa mingi, kwamba dini imeweka njia ya mambo kama haya, kwamba akae eda ili moyo upumzike. Bibi alimsikiliza mpaka mwisho. Alimwongezea chai. "Mume wangu katoka," akasema. "Na mwanamke hakai eda ya mtu aliyetoka." Yule jamaa alikunywa chai yake yote, na hakulirudia jambo hilo.

Filamu ya mwisho ilionyeshwa mara mbili katika utoto wangu. Ndani yake amekonda, ukosi wa shati umemzidi shingo. Anakunywa kahawa katika chumba kidogo pamoja na mwanamke, anamgusa shavu, anavaa chepeo, anafungua mlango. Hapo, mara zote mbili, Bibi aliinuka na kuzima televisheni. Picha ilinywea, ikawa nukta moja ya mwanga katikati ya kioo, na nukta ikakawia kabla haijatoweka. "Katoka," Bibi alisema. "Haya, twendeni tukale." Mara ya pili dada yangu alilalamika kwamba bado, kwamba muziki haujaja na majina hayajapita. Bibi alikuwa amekwishafika jikoni.

Nilipoanza masomo ya chuo kikuu Bibi alirudi Unguja. Tulimsihi abaki. Alisema mtu akirudi atapiga hodi kule, hatapiga Wembley. Tangu hapo tulizungumza kwa simu, yeye akiwa kwa mama mdogo, aliyekuwa ametangulia kurudi, karibu na nyumba ya zamani, na macho yake yakififia mwaka hadi mwaka mpaka akabaki na mwanga tu. Kila mara, baada ya salamu, aliuliza: "Bwana Chepeo hajambo?" Nami nilijibu, kwa Kiswahili, sentensi niliyokuwa na hakika nayo kuliko zote: "Hajambo, Bibi. Katoka." Naye alisema, "Msalimie akirudi."

Sasa unajua nilichokiendea katika chumba kile, ingawa mimi mwenyewe sikukijua. Filamu niliyoomba siku ile ilikuwa ya mwisho. Baada ya mshtuko wa sauti niliendelea kutazama. Alikunywa kahawa. Alimgusa mwanamke shavu. Alivaa chepeo, akafungua mlango, na mkono wangu ukainuka wenyewe kutafuta kitufe ambacho hakikuwapo. Mlango ukafungwa, filamu ikaendelea. Kuna barabara tupu. Kuna gari linalongoja. Hakuna kingine kinachooneshwa. Kisha tunarudi chumbani, mlango unagongwa, na mkono wa mtu tusiyemwona unampa mwanamke chepeo. Anaipangusa vumbi kwa kiganja, taratibu, kwa kuizungusha, anaitundika kwenye msumari. Muziki, majina.

Nilivua visikizio nikabaki nimeketi. Nilijiuliza kama Bibi alijua. Ikiwa hakujua, basi mimi peke yangu katika ukoo wetu nilibeba kifo ambacho yeye aliepushwa nacho kwa bahati ya kitufe. Ikiwa alijua, basi nilikuwa nimelelewa ndani ya kitu ambacho sikukielewa, na kila "katoka" niliyomjibu kwenye simu ilikuwa na uzito nisioupima. Niliandika dhana zote mbili nikazifuta. Jambo lililokuwa wazi ni dogo: akiniuliza tena swali lake, sitaweza kulijibu. Kusema katoka, huku nimeiona chepeo msumarini, nisingeweza. Na kumwambia kwamba amekufa, nani angenipa ruhusa hiyo?

Kwa hiyo sikupiga simu. Majuma yalipita. Mama alinipigia kuniuliza nimemnunia nini Bibi. "Anakuuliza kila siku. Hali chakula vizuri sasa, anasinzia mchana. Ukingoja uwe tayari, utampigia nani?"

Jumamosi iliyofuata nilipanda treni kwenda Wembley, kana kwamba jibu limesahauliwa pale. Duka la chini sasa linauza simu na mabegi. Jirani alihamia kwa mwanawe zamani, na mtu wa dukani hakuwa amesikia habari zake. Nilitazama dirisha letu: pazia lilikuwa la rangi nyingine, na kioo kilikuwa kikavu, bila ukungu. Nilivuta pumzi nikitafuta bizari. Niliyoyataka hayakuwa makubwa. Nilitaka ungo, mchele usio na mawe, sufuria ya mtu asiyekula nyama juu ya rafu yake, na wanawake wawili wanaobishana kama mtu amekufa au hakufa. Hakuna jumba la kumbukumbu linalohifadhi vitu hivyo. Filamu zake zote zipo, zimewekwa katika makopo, katika baridi iliyopimwa. Lakini zile nilizoziona mimi hazipo popote, kwa kuwa sauti yake ilikuwa imeketi kwenye zulia nyuma yangu, na haikurekodiwa.

Kwenye kona kulikuwa na kibanda cha simu. Nilikuwa na kadi.

Mama mdogo alipokea, akapiga yowe la furaha, akamwekea Bibi simu sikioni. Tulisalimiana. Aliniuliza baridi, masomo, dada. Nilijibu yote kwa Kiswahili, polepole, nikichagua maneno. Na hapo uwanjani mtu akafunga bao, kishindo kikavuka mapaa kikaingia kibandani.

"Kelele gani hizo?"

"Uwanja, Bibi. Niko Wembley."

"Ala! Watu wa mji," akasema, na nikamsikia anatabasamu. "Wamemjia. Bwana Chepeo hajambo?"

Nilifungua kinywa. Sentensi ile niliyokuwa na hakika nayo kuliko zote haikutoka. Nilisikia waya tu, na pumzi zake.

"Umeiona," Bibi akasema.

"Nimeiona."

"Mpaka mwisho?"

"Mpaka mwisho, Bibi."

Nilianza kuomba radhi, akanikatiza. "Nasi tuliiona. Mimi na babu yako, Jumapili, nimevaa baibui jipya. Yeye alitoka pale akenda kununua chepeo yake. Nikamwambia, we bwana, huoni mwisho wake? Akacheka. Akasema mwisho si chepeo iliyouleta."

"Ulijua, Bibi. Mbona ukizima?"

"Nyinyi mulikuwa watoto. Na mie nilikuwa bado."

"Bado nini?"

"Bado tu, mwanangu." Kisha akaongeza: "Sasa macho hayaoni. Jana nimemwambia mama yako mdogo anitolee ile kanga nyeupe sandukuni. Nimekaa ndani. Nihadithie."

Nilielewa. Niliegemea kioo cha kibanda. Nilimwambia Kiswahili changu hakitoshi, sauti yangu si nzito, sijui kumtoa farasi wala mlango.

"Usinisumbue. Anza pale nilipokuwa nikizima."

"Anavaa chepeo," nikasema.

"Ehe."

"Anafungua mlango."

"Haya," akasema Bibi. "Mtoe."

Nikamtoa.